Mashine Zenye Jina la Albertine

Balaa lilianza siku wateja wa Emérance walipoikosa picha ya ndege kwenye skrini, na kusema kweli balaa hilo alijitakia mwenyewe.

Emérance Ngalula alikuwa na cyber, duka la intaneti, huko Shituru mjini Likasi, chumba kimoja chenye mashine nne na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Watu walikuja kwake kutafuta kazi, kutazama matokeo ya mtihani wa serikali na kuwaandikia ndugu walioko Zambia. Wote waliingia mtandaoni kwa kivinjari kimoja, kile chenye ndege wa manjano. Walimzoea ndege huyo hadi wengine wakaamini kwamba yeye ndiye intaneti yenyewe.

Kivinjari hicho kilikuwa programu huria. Yeyote mwenye ujuzi aliruhusiwa kukifungua, kukichokonoa, kukibadilisha na kuwagawia wengine. Emérance alisomea mambo hayo Lubumbashi zamani, na siku moja, kwa udadisi tu, alikifungua. Alichokikuta kilimnyima usingizi. Kivinjari kilikuwa kikipeleka habari nje kimyakimya: kurasa zilizofunguliwa, maneno yaliyotafutwa, mtu alikaa kwenye ukurasa upi muda mrefu. Hakuna aliyelificha jambo hilo. Liliandikwa wazi, ila kwa lugha ambayo mama muuza mboga hawezi kuisoma. Basi akakata sehemu zote za umbeya, akakifundisha kusahau kila kitu mteja anapoinuka, na akaanza kuwapa watu nakala kwenye flash zao.

Lakini kitu kimoja hakikuwa huru, nacho ni jina pamoja na ile picha. Wenye programu walisema: badilisha utakavyo, ila ukishabadilisha usitumie tena jina letu wala ndege wetu. Emérance aliona ni haki. Mtu hawezi kupika mchuzi wake halafu akautangaza kuwa wa jirani. Akatafuta jina jipya, na hapo ndipo alipoteleza.

Alikiita Albertine, jina la marehemu mama yake.

Alikuwa na sababu. Alipokuwa mtoto, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi. Babu yake ndiye aliyeletwa kuchimba shaba. Baba yake alizaliwa hapahapa, naye vilevile, lakini siku ile hayo hayakumsaidia mtu. Jirani mmoja alinyoosha kidole, mlango wao ukajulikana, na familia nzima ikaenda kulala kituo cha treni pamoja na maelfu ya wengine. Albertine alijua nani alinyoosha kidole kile. Alijua pia nani aliwaficha watoto wake chini ya kitanda usiku wa kwanza. Waliporudi mjini, hakumtaja wa kwanza kwa hasira wala wa pili kwa shukrani. Alizikwa na majina yote mawili. Kwa Emérance, hakukuwa na jina bora la kitu kinachotunza siri za watu.

Ila katika mji huu jina la marehemu hupewa mtoto. Mtoto hulibeba, na marehemu anakuwa kama amerudi nyumbani kidogo. Hata watu wazima humwita yule mchanga “mama” wakicheka. Emérance alikulia katika desturi hiyo, na bado hakuwaza jinsi itakavyoonekana jina la marehemu likikaa ndani ya kioo kinachomtazama mtu usoni anapoandika mambo yake.

Aliyemfungua macho ni Viviane, jirani yake muuza mikate.

“Batu banasema mama yako iko mule ndani,” Viviane alisema, akiwa amesimama mlangoni bila kuingia. “Anasomaka yote mutu anaandika. Na bengine banasema ni kampuni njo inakulipa.”

“Ni kinyume, Viviane. Hii inasahauka yote. Ile ya zamani njo ilikuwa inapeleka mambo ya batu.”

“Minye sijue. Ile ya zamani ilikuwa na jina yake, tulishaizoea. Mutu anabadirisha jina juu ya nini, kama hana kintu ya kuficha?”

Emérance aliigeukia skrini amwonyeshe, kisha akaacha. Angemwonyeshaje mtu kitu ambacho hakipo? Alikuwa ameondoa jicho, na sasa mtaa wote ulikuwa ukiliona. Alikasirika, kisha akaogopa. Viti vilianza kubaki vitupu, feni ikawapulizia watu wasiokuwepo.

Mwishowe akalegea. Alimrudisha ndege kwenye mashine moja, ile ya karibu na mlango, kivinjari kikiwa vilevile kilivyotoka kwa wenyewe. Ungeona jinsi watu walivyoipangia foleni huku mashine tatu za Albertine zikikaa kama wajane. Mwanzoni aliipanga isikumbuke kitu. Wateja wakalalamika: kila wakija inawauliza tena jina na neno la siri, kwani imewasahau? Akalegea mara ya pili. Akaiacha ikumbuke, akijiahidi kwamba kila jioni kabla ya kufunga ataifuta kwa mkono wake. Na kweli alikuwa akiifuta.

Kisha akaja Clémentine.

Clémentine alikuwa rafiki yake wa shirika la parokia, na Emérance alimsimamia ubatizo binti yake mdogo, Sephora; tangu hapo waliitana commère. Alilima lengalenga, yaani mchicha, kando ya kijito nyuma ya mtaa. Kwa wiki kadhaa maji ya kijito yalibadilika rangi, mboga zikaungua kutoka mizizini. Juu ya kijito kulikuwa na kampuni moja ya kusafisha madini, na mumewe Philippe alikuwa kibarua wa kampuni hiyohiyo. Clémentine alipiga picha maji yakitoka kwenye bomba lao, akataka kuzituma kwa redio moja ya Lubumbashi. Philippe hakujua. Jina la mkewe likijulikana, kazi yake imekwisha, na kazi ndiyo nyumba, ndiyo shule ya watoto.

“Kaa ku hii ya Albertine,” Emérance alimwambia. “Hii haitabakisha kintu.”

Clémentine alitazama skrini, akajikaza asipige ishara ya msalaba. “Unisamehe, commère. Mama yako nilimupenda sana. Lakini siwezi kuandika hii mambo mbele ya mufu. Acha nikae ku ile ya ndege.”

Emérance angeweza kukataa. Angeweza kumkalisha kwa nguvu ya urafiki. Lakini alikuwa amechoka kubishana, na alijua jioni ataifuta. Clémentine akatuma picha zake kwenye mashine ya ndege. Hakuwa amesimama vizuri umeme ukakatika, na Emérance akafunga mlango na kwenda nyumbani kabla haujarudi, mashine ya ndege ikiwa haijafutwa.

Asubuhi, umeme ulikuwa ndio kwanza umerudi, akaingia mwanamume mwenye beji ya kampuni kifuani. Alijitambulisha kwa jina la Steve, mtu wa usalama. Alikuwa na adabu, na adabu ile ndiyo iliyomtia Emérance baridi. Redio ilikuwa imewapigia wakubwa wake kuwauliza kuhusu picha za kijito, na karibu na kijito cyber ilikuwa hiyo moja tu.

“Mama, naomba kuangalia machine kidogo. Hakuna mubaya.”

Hakuwa na haki yoyote ya kuangalia, na Emérance alilijua hilo. Lakini mtu aliyewahi kulala kituo cha treni hajifunzi kwa urahisi kumwambia mwenye beji “hapana”. Alisogea pembeni. Steve hakuitazama mashine ya mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine za ukutani.

“Hizi njo za Albertine? Banasema hizi zinachungaka yote.”

“Angalia tu, chef.”

Uvumi uliokuwa umemharibia biashara ulimpa nafasi ya kupumua. Steve akainamia mashine ya kwanza. Emérance akachukua kitambaa, akaketi kwenye ile ya ndege kama anayefuta vumbi, akaiwasha. Anwani ya redio ilikuwa pale. Jina la Clémentine lilikuwa pale, limeandikwa kamili, likisubiri tu kubonyezwa. Akafuta, akahakikisha, akafuta tena. Nyuma yake Steve alishahamia mashine ya tatu, akipumua kwa nguvu za mtu asiyepata anachotaka.

Steve alipofika mlangoni, Emérance alishainuka, naye akakaa kwenye ile ya ndege, akatafuta, akatabasamu.

“Hii nayo iko butupu. Hii haisahauke yenyewe, mama. Nani alisafisha?”

“Minye. Ni kazi yangu.”

“Bon. Machine ilisahau.” Akageuza kiti kumwelekea. “Weye? Weye pia unasahauka?”

Emérance hakuwa amefikiria hilo. Alikata umbeya wote ndani ya programu, akafuta hadi alama ya mwisho, na sasa siri nzima ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, yaani kichwani mwake, na mtu huyu alikuwa anakitazama. Aliogopa vibaya sana.

Na saa hiyohiyo Clémentine akatokea mlangoni, beseni la lengalenga kichwani, uso umejaa swali. Alikuja kujua kama redio imejibu. Alifungua kinywa kusema.

“Mama, hapa hapana soko,” Emérance alimkatiza, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtu yeyote. “Batu banatumika kazi humu. Beba bintu yako, upite.”

Clémentine alimtazama Emérance, akamtazama yule mwanamume, akamtazama Emérance tena. Kisha akageuka, mkono mmoja ukishika beseni.

“Bamama wa mboga,” Steve alisema akicheka kidogo, akainuka. Aliahidi kwamba atarudi.

Emérance hakumfuata rafiki yake. Hakujua nani anatazama barabarani. Hakumpigia simu, kwa sababu simu nayo hakuiamini tena. Aliangalia tu kama Philippe bado anapita asubuhi kwenda kazini, na kila alipomwona amevaa buti zake alishukuru kimoyomoyo.

Jumapili kanisani, wakati wa kutakiana amani, alijikuta benchi moja nyuma ya Clémentine. Nyuma yake mwenyewe walikaa wanaume ambao hakuwahi kuwaona parokiani. Clémentine aligeuka, akampa mkono kama anavyopewa mgeni, macho yake yasifike usoni mwa Emérance.

“Amani ya Kristo, mama.”

Hakusema commère. Emérance alibaki na ule mkono akitafuta ndani yake ishara yoyote, kubanwa kidogo, chochote cha kumwambia kama amekasirikiwa au ameeleweka. Sephora, begani kwa mama yake, alimtambua mama yake wa ubatizo, akacheka, akamnyooshea mikono yote miwili. Clémentine akaishika ile mikono taratibu, akamgeuza mtoto aangalie altareni.

Emérance naye akaangalia altareni, akaimba pamoja na wengine.