Mbegu Zilizolowa Kabla ya Mvua

Nyumbani kwetu Kasulo hakuna chombo chenye kazi moja. Beseni la kunawia ndilo la kuoshea mboga. Kanga ikichakaa inakuwa kitambaa cha kushikia sufuria ya moto, kisha tambara la kudekia, kisha inachomekwa kwenye tundu la ukuta upepo unapopita. Sufuria yetu kubwa tunaipikia, tunalowekea maharage, na ikiwa tupu mama huweka ndani yake chochote asichotaka kuku wakifikie.

Kwenye redio nimewahi kuwasikia watu wakieleza jinsi ya kubana matumizi, wakiongea kama vile ni ujanja. Kwetu ni kazi. Mama akinunua mche wa sabuni, anaukata vipande kwa uzi na kuvipanga juu ya ukuta vikauke, kwa kuwa sabuni mbichi huyeyuka upesi. Sabuni hiyo hudumu kweli, lakini inakuwa ngumu kama jiwe, na anayefua anarudi mtoni na vidole vimechubuka. Moto nao hatuuachi ufe. Jioni makaa hufunikwa majivu, na asubuhi mimi huyafukua na kuyapuliza mpaka macho yawashe, ili kiberiti kikae. Ndivyo tunavyoishi. Kile ambacho hakikutoka mfukoni kimetoka mgongoni.

Maharage ndiyo yanayokula kuni kuliko kitu kingine, kwa hiyo ndiyo yenye taratibu nyingi. Yanalowekwa jioni. Asubuhi yakishachemka vizuri, kuni zinaondolewa na kuzimwa kwenye mchanga, sufuria inafunikwa, inavishwa blanketi kuukuu na kukalishwa kwenye kapu lenye majani makavu ya migomba. Tukitoka shambani tunakuta yameiva yenyewe. Kuni tunazifuata mbali, na mtu aliyewahi kuubeba mzigo ule kichwani hawezi kuutazama moto ukiwaka bure.

Wifi yangu, mke wa kaka, hakuwa ameubeba. Yeye alikuja kwetu kutoka Lusahunga. Mama yake anapika chakula pale barabarani malori yanaposimama, na kule mkaa unawaka tangu asubuhi hadi wateja waishe. Kaka alipopata kazi ya utingo kwenye lori, alimleta akae nasi, mimi na mama, kwa kuwa yeye mwenyewe hakai mahali pamoja.

Wifi hakuwa mvivu. Alisahau tu kuloweka. Mama alikuwa amempa kazi hiyo, na asubuhi alipofungua sufuria alikuta tupu, na siku hiyo tulikula mihogo kwa chumvi. Ikatokea tena, na tena. Mama si mtu wa kupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, ameinama akichambua mboga, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimwita mtoto wa barabarani. Alisema kwao kuni zinashuka zenyewe kwenye lori zikiwa zimepasuliwa. Mwanzoni wifi alicheka. Baadaye hakucheka.

Siku moja tukiwa mtoni aliniambia kuwa anaogopa kurudishwa. Kwao wakimwona anashuka na begi lake, hakuna atakayeuliza kosa lilikuwa la nani. Mimi si mwepesi wa maneno. Nilimsaidia kujitwisha ndoo, tukapanda mlima. Tangu siku hiyo hakusahau tena. Jua likianza kushuka tu, unamkuta ameshaifuata sufuria.

Mbegu za maharage mama anazitunza kwenye dumu kuukuu lililokatwa mdomo. Anazichanganya na majivu na kulining'iniza dumu juu ya mafiga, moshi uzipitie, zisibunguliwe. Hakuna anayeligusa, hata siku ambayo hakuna kitu cha kupika. Msimu wa vuli uliopita, mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa Burundi, mama alilishusha. Alikaa nje akapepeta majivu, akazichambua mbegu kwenye ungo moja moja, akitoa zilizotoboka na zilizosinyaa. Ilipofika jioni kengele ya kanisani ikagongwa kwa ajili ya sala ya jumuiya, na kuku walikuwa wameanza kumzunguka. Akazimimina mbegu kwenye sufuria kubwa, akafunika, akaenda.

Mimi nilikuwa nimefuata kuni. Wifi alirudi kutoka mtoni, akafunua sufuria ili aloweke, akakuta maharage yamo tayari, masafi, yamechambuliwa. Akaona mama amemrahisishia kazi, limebaki la maji tu. Akamimina maji. Aliniambia baadaye kuwa alifurahi sana jioni ile, na alilala vizuri.

Asubuhi nilikuwa nimeinama napuliza makaa mama alipoingia jikoni. Nilisikia mfuniko ukiinuliwa. Nikageuka. Mbegu zetu zote zilikuwa zimevimba, zimejaa sufuria karibu hadi juu, nyingine ngozi imeshapasuka. Nje mbingu ilikuwa nyeupe. Yale mawingu yalikuwa yameondoka.

Wifi akaingia na ndoo.

"Shikamoo mama."

Mama alikuwa ameshika mfuniko tu. Wifi akatazama sufuria, akatazama juu ya mafiga mahali dumu linaponing'inia, akaona kamba bila dumu. Akaiweka ndoo chini, akapiga magoti palepale mlangoni. Mimi niliendelea kukishika kijiti cha kufukulia makaa kana kwamba bado nina kazi nacho.

Mbegu nyingine hatukuwa nayo. Kuomba wakati ule, kila nyumba ikiilinda ya kwake, usingepata hata ya kujaza kiganja. Na maharage ya sokoni yamechanganyika, huwezi kujua lipi ni la zamani lisiloota. Tungeyapika yale, tungeshiba siku mbili tatu, halafu tungekaa bila maharage yetu msimu mzima. Nadhani mama aliyapima hayo yote akiwa amesimama. Nilingoja amwambie wifi afungashe.

"Chukueni majembe," alisema. "Yakishakunywa maji hayawezi kungoja mvua. Yaingie ardhini leo."

Shamba letu la mlimani lilikuwa kavu, jembe linaruka. Tulishuka bondeni, kwenye kipande chetu kidogo chenye unyevu, ambacho tulikuwa tumekipanda viazi vitamu. Tuling'oa viazi kabla ya wakati wake, vingine unene wa kidole. Tukalima. Mama alipitisha mkono kwenye sufuria, akatenga zilizopasuka kwa ajili ya kupika, na zilizobaki nzima tukazifukia. Kisha tukaanza kuchota maji mtoni na kumwagilia kwa kopo, mstari hadi mstari. Jua lilikuwa kali. Wifi alichota kuliko sisi wote, na hakuna aliyemwambia apumzike. Mikono yangu ilifika mahali ikawa haifungi vizuri kwenye mshikio wa ndoo.

Mchana akapita mzee jirani yetu akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Ni mtu wa utani, na analosema yeye kijiji kizima kitalisikia kabla ya jua kuzama. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akasimama kutazama. Akaokota mbegu moja iliyodondoka kwenye njia, akaibonyeza kwa kucha.

"Naona mwaka huu mnataka maharage yaote yakiwa yameshaiva," alisema. "Mmebakiza kutia chumvi."

Akacheka. Sisi hatukucheka. Akauliza ni nani aliyebuni hilo, au ni ufundi wa huko Lusahunga. Wifi alisimama na ndoo kichwani, maji yanamchuruzika shingoni, akitazama chini.

Mama alinyoosha mgongo taratibu, mkono kiunoni.

"Nimeloweka mimi," alisema. "Najaribu."

Mzee alitikisa kichwa, akasema basi atapita tena kuja kula, akasukuma baiskeli yake. Mama akainama akaendelea kufukia. Hakumtazama wifi. Wifi alishusha ndoo, akachukua kopo, akamwagilia mstari wa mama.

Nyingi zilioza. Zilipoota, shamba lilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno, na tuliendelea kuteremka na maji, hata yale ya kuoshea vyombo, mpaka mvua ilipokuja kwa kuchelewa. Wenzetu walipopanda maharage mlimani, sisi tulipanda mahindi peke yake. Ya bondeni tulipoyavuna hatukula hata sahani moja. Yote yalikwenda kwenye dumu, nalo halikufika nusu. Ya kula tumekuwa tukinunua kwa kopo, na kwa sababu hiyo sukari imeondoka nyumbani, na mama anavaa viatu ambavyo ningekuwa nimevitupa.

Jioni ya kuhifadhi mbegu, mama alimwita wifi achanganye majivu, yeye akikaa pembeni na miguu yake imenyooshwa. Alimwonyesha kiasi. Wifi akauliza zikifika siku za kuchambua aziweke wapi. Mama akatazama jikoni kwetu, ukuta hadi ukuta. Hakukuwa na chombo kingine, na hakuna atakayenunua.

"Humohumo kwenye sufuria," alisema. "Lakini ukifunika, funga mfuniko kwa kamba ya mgomba. Ikiwa na fundo, asiyefunga asifungue. Na mfungaji ni wewe, mwanangu."

Wifi akalipandisha dumu juu ya mafiga, akajaribu kamba mara mbili kama itashika. Kisha akajaza maji kwenye sufuria ya maharage ya kesho, na mimi nikafukia makaa.