Ng'ombe wa mwalimu wa binti yangu, nimesema ni wangu

Binti yangu amegundua mlio wa lori uliowashinda mafundi watatu wanaume! Lori la tani thelathini, na aliyelipatia ni msichana wa miaka ishirini na tatu niliyemzaa mimi. Haya, sasa habari zenu. Admin, nifiche jina, ila hiyo sifa usiifiche.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mkulima wa mahindi na mbaazi huku Endamarariek, elimu yangu darasa la saba. Huyu binti alipomaliza fomu foo na matokeo yasiyoeleweka, alichukuliwa na mama mmoja mwenye gereji ya malori Karatu mjini. Tumwite Mama Gereji. Alimfundisha bure, akamshonea ovaroli, akampa na chumba. Nilishukuru, Mungu anajua. Lakini mwaka wa tatu huu mtoto akija nyumbani ni Mama Gereji kasema hivi, Mama Gereji kanipeleka saluni, Mama Gereji chai yake haina majani mengi. Siku moja aliacha simu inachaji, nikachungulia. Yule ameandikwa Mama. Mimi nimeandikwa Mama Nyumbani. Jamani, iliniuma.

Sasa hilo lori ni la mzee mmoja wa Kimasai wa Kakesio, linapandisha mahindi na kushusha mifugo. Likaanza kulia tik tik tik. Fundi wa kwanza akasema nozeli, akabadilisha, mlio upo. Wa pili akasema tapeti, akafungua, akarekebisha, upo. Wa tatu akataka injini ishushwe ifunguliwe yote. Mzee akakataa, akalileta kwa Mama Gereji, ambaye siku hiyo alikuwa amesafiri kwenda Babati. Mafundi wake aliondoka nao, yupo binti yangu tu.

Akasema lizimwe, lilale lipoe. Asubuhi akaliwasha likiwa baridi, likalia sana, na lilivyopata moto mlio ukapungua. Akakata kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine anaitembeza kwenye injini. Juu kwenye tapeti, kawaida tu. Kwenye nozeli, kawaida. Alipofika ubavuni, pale bomba la moshi linapoungana na injini, akasikia moshi unapumua kwenye upenyo, na masizi yamepaka pembeni. Gasketi ya kuzibia hapo imeungua, bolti moja imekatika. Chuma kikipata moto kinatanuka, upenyo unajiziba, ndiyo maana mlio ulikuwa unapungua. Akabadilisha, lori likanyamaza. Ananieleza huku anakula, mimi hata kutafuna nimesahau.

Nikamwambia hayo masikio ni yangu. Alipokuwa na miaka mitano, baba yake yuko kazini hotelini kule juu kreta, mizinga yetu ya nyuki niliilinda mimi. Nilikuwa nakata kikonyo cha jani la papai, kile chenye tundu, naweka ncha kwenye mzinga na kumpa asikilize kama nyuki wameingia. Alikuwa anacheka, anasema mama, wanachemka. Nikamkumbusha yote hayo. Akanitazama.

"Nyuki gani, mama?" akasema. "Ya mpira nimefundishwa na Mama Gereji."

Hakusema kwa ubaya, alikuwa anamega ugali. Lakini mimi sikulala vizuri wiki nzima.

Basi yule mzee akanipigia. Namba yangu anayo kwa sababu binti aliwahi kumpigia kwa simu yangu. Akanisalimia kwa heshima zote, akauliza, "Mama, huyo aliyemfundisha mtoto kusikiliza na mpira ni nani? Nataka nimpe ng'ombe."

Mnaokaa na Wamasai mnajua. Akikupa ng'ombe, majina yenu hamyatumii tena. Yeye atakuita Pakiteng na wewe utamwita hivyo hivyo, mnadani, hospitalini, popote mtakapokutana, mpaka mmoja wenu afe. Ng'ombe ninao wangu. Nilitaka kuitwa vile mbele za watu, kwa ajili ya mtoto wangu.

Nikamwambia, "Ni mimi."

Mdomo uliwahi kuliko akili. Mzee akafurahi, akasema huyo ng'ombe atamleta mwenyewe hapa nyumbani.

Jumamosi iliyopita binti akaja mbio mbio. Mzee kamwambia atakuja kwetu kumshukuru mwalimu wake, na yeye akadhani mwalimu ni yule yule. Keshamwambia Mama Gereji, na Mama Gereji keshapeleka kitenge kwa fundi cherehani. "Ataitwa mbele, mama, utaona atakavyoona aibu. Wewe utatupikia makande, hakuna anayekuweza." Nikajibu sawa mwanangu. Nikaenda kuchagua maharage kama vile hakuna kitu.

Kwa hiyo mzee akisimama ataniita mimi, na Mama Gereji amekaa pale na nguo mpya, na mwanangu ananiangalia. Nikimpigia mzee kabla, atajua mama wa fundi wake ni mwongo. Lakini kwani kweli nimedanganya? Kuna saa najiambia mwanamke aliyempokea mtoto wangu wakati mimi sina hata wazo la kumfanyia, acha apate heshima yake. Halafu nakumbuka kale kasikio kadogo kwenye mzinga, roho inawaka upya. Na mtoto mwenyewe hakumbuki.

Wenzangu mliozaa, niambieni. Nimpigie mzee nikiri, au ninyamaze nisimame nipokee? Mkinitukana sawa, ila mnijibu mapema. Mchungaji ameshaalikwa, kwaya imeshaalikwa, Mama Gereji anakuja na mafundi wake wote, na mzee anashuka na ng'ombe kutoka Kakesio. Wote wanakuja hapa kwangu Jumapili hii.