Ukoko wa Magome

Baba alipokufa, kule kwetu Likoni, hatukuachiwa shamba wala duka. Tuliachiwa pipa la kuchemshia magome ya mikoko, pale uani, na wavuvi waliotuletea nyavu zao za pamba tuzitie rangi zisioze upesi. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama na kasha langu la nguo na ulimi mkali ambao yule mume alisema ndio uliomshinda. Muongo mkubwa! Basi tukawa wawili, na mama hakuwa na neno jingine ila moja: kazi ya mumewe isife mikononi mwake.

Na ilikuwa yafa, wallahi. Shida ilikuwa kuchuja. Magome yakishachemka, maji yake huwa mekundu mazito, yamejaa vumbi la miti na utelezi kama wa bamia. Ukitosa wavu humo hivyo hivyo, uchafu huganda kwenye mafundo, wavu ukawa mgumu na kukatika. Kwa hiyo tuliyapitisha kwanza kwenye kitambaa cha marikani. Lakini kitambaa kilikuwa hakikawii kuziba. Kata chache tu, tabaka la uchafu limeshaganda juu yake, mama akiliita ukoko, na maji hayashuki tena. Zamani baba na ami yangu, nduguye, walishika ncha huku na huku wakakikamua mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Sisi nasi tukakamua. Kadiri tulivyokamua ndivyo utelezi ulivyozidi kuingia ndani ya nyuzi, na rangi ikatoka na tope lake. Mvuvi mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Hii ni rangi au uji?" Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Hakurudi, na wenzake wakamfuata.

Siku moja mama aliacha. Alikaa kwenye kigoda, mikono imemvimba, akasema, "Sina nguvu tena, mwanangu. Na yashuke yatakavyo." Tukayaacha maji yatulie pipani, machicha yakazama. Tukateka ya juu yangali moto, tukayapitisha kwenye makumbi ya nazi, kisha ndipo kwenye kitambaa, polepole, bila kukigusa. Yakashuka! Yalipoanza kusita, mama alikigeuza kitambaa akakimwagia maji ya moto kwa upande wa nyuma, na ukoko wote ukabanduka. Nilipiga kigelegele mimi. Rangi katika beseni ilikuwa safi kama chai ya mkandaa, ile isiyo maziwa, iliyopewa jina kwa magome haya haya. Mama hakucheka.

"Kumbe yalitaka kuachwa tu," alisema. "Na baba yako alivyouvunja mgongo wake bure."

Nilizunguka mpaka Mtongwe kuwaambia wavuvi. Wengine walikuja, wakachungulia, wakasema mashaallah, rangi safi hii. Lakini walikuja mikono mitupu. Nyavu za nailoni zilikuwa zimeingia madukani mjini, nazo haziozi, hazina haja ya magome. Mwaka ule watu walizungumza uhuru asubuhi na jioni, nani atapata nini, na hakuna aliyeona kuwa pipa letu limepoa. Nilikasirika mpaka nikataka kupigana na mtu, ila sikujua nipigane na nani.

Kisha siku moja ami alibisha hodi, na gunia begani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Shemeji yuko? Nimemletea wavu."

Mama alitoka mbio, kanga yaburura chini. Nilikuwa sijaiona furaha ile usoni mwake tangu msiba. Akalifungua gunia. Ndani mlikuwa na nailoni, mpya, nyeupe, yang'aa. Nilifumbua kinywa, mama akanitazama, nikakifumba. Aliwasha moto, akachemsha, akachuja kama alivyojua, akautosa wavu. Tulingoja mpaka alasiri. Tulipouvuta, rangi ilichuruzika yote, na wavu ukawa mweupe vile vile ulivyoingia.

Ami aliutupa begani, wamchuruzikia majimaji mekundu mgongoni, akasema, "Umekolea, shemeji. Mungu akujaalie."

"Alhamdulillahi," mama alijibu.

Alipokwenda zake, mama aliingia ndani. Eda nzima hakuwa ametoa chozi, hata wanawake wa mtaani wakamsengenya kuwa ana moyo wa jiwe. Sasa alilia kwa sauti ambayo sikuijua, akimwita baba kwa jina lake, jambo ambalo mke wa kwetu hafanyi. Majirani walikuja mbio, wakajaa mlangoni.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Baba," nikawaambia.