Mbuzi wa Zamu ya Mama Feza

Siku ya kwanza kazini, katika shamba moja dogo la Nchelenge, Kapita, msimamizi wetu, hakunipa jembe wala fimbo. Alinipa mbuzi jike mwenye mimba. Nilikuwa msichana aliyemaliza sekondari ng'ambo, upande wa Kongo, nikavuka ziwa Mweru na shangazi yangu aliyekuja kununua chisense, dagaa wadogo wa huku. Shangazi alirudi na mashua yake, mimi nikabaki. Sikupanga kukaa. Nilitaka tu kuona huku kuna nini.

"Weka mukono pa tumbo," Kapita aliniambia. "Apana kule! Kushoto ni majani yenye amekula. Mutoto eko kuume."

Nikahamisha mkono. Kitu kikanipiga teke kiganjani, nikacheka kwa sauti. Kapita naye akacheka, akasema, "Bon. Kazi umeshapata."

Ninyi vijana mnaotaka kufuga, nawaambia tulivyofanya. Banda la mbuzi tulilijenga juu ya nguzo, sakafu ikiwa ya fito zilizoachana kidogo ili mavi yadondoke chini. Mbuzi akilala pakavu hakohoi, na bustani inapata mbolea. Kazi kubwa ilikuja mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Joto linakaba, vumbi linaingia hadi kwenye meno, lakini msituni miti inatoa majani mapya mekundu, mtu wa mbali angedhani imechanua. Mbuzi wanazaa, kuku wanaatamia, kila asubuhi unakuta uhai ambao jana haukuwepo. Wakati huo sikuweza kulala baada ya jogoo wa kwanza. Sikutaka kupitwa na kitu.

Kapita alinifundisha maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano: mtoto asiyeyapata mapema haendi mbali. Akanifundisha na chumvi. Mama akimkataa mtoto, unampaka mtoto chumvi kidogo mgongoni. Mama anailamba, na katika kulamba anaijua harufu ya mtoto wake.

Nilipojua kila njia ya Nchelenge, miguu ilianza kuniwasha. Nikaenda Chienge kwa mama mmoja mwenye kuku, tuliyemwita Madamu. Huko nilijifunza kupima mayai kwa tochi ya simu: yai lenye kifaranga linaonyesha mishipa kama mizizi myembamba, lisilo na kitu linang'aa tupu. Nilijifunza pia kwamba vifaranga vikitoka, mwewe naye ana watoto. Siku moja nilisimama kuangalia ziwa, nikikumbuka mbuzi wangu wa Nchelenge, na kivuli kikapita juu ya uwanja.

"Eh, weye!" Madamu alipiga kelele kutoka jikoni. "Nilikuandika kulisha kuku ao kulisha mwewe?"

Ndivyo nilivyokuwa. Nikiwa Chienge nililia Nchelenge, nikiwa Nchelenge nililia ng'ambo. Miaka zaidi ya ishirini ikapita hivyo, shamba hadi shamba.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, wenzetu wa Kongo, chini ya Afisa Mifugo. Mradi ulikuwa na utaratibu wake. Nyumba moja inapewa mbuzi jike. Mtoto jike wa kwanza, akishaweza kula mwenyewe, anakwenda nyumba inayofuata njiani, na wa nyumba hiyo vilevile. Akizaliwa dume, anabaki pale pale, na jirani anangoja tena.

Njiani kwetu mbuzi alikuwa kwa Tata Ilunga, mzee mpole, na aliyengoja alikuwa Mama Feza. Huko alikotoka alikuwa na mbuzi wengi hadi akawaita majina ya mashemeji zake. Hapa hakuwa na hata kuku. Kila asubuhi alikuja kwa Tata Ilunga kutazama tumbo.

"Yaya, dada yangu," aliniuliza, "mbuzi yangu eko namna gani leo?"

"Mbuzi yako?" Tata Ilunga akadakia. "Hii mbuzi ni ya mwenye nani?"

"Inje ni yako. Ya mu tumbo ni yangu. Tusigombane, Tata."

Asubuhi mbuzi alipoanza kuzaa, nusu ya njia ilikuwa imesimama ugani. Mtoto akatoka, mkubwa, mweusi. Nikamwinua mguu.

"Ni dume," nikasema.

"Angalia tena," Mama Feza akasema.

"Mama, nimeangalia."

"Angalia na macho ingine!"

Watu wakacheka, lakini yeye alikuwa ameketi chini vumbini, na uso wake haukucheka. Kungoja tena kulikuwa mwaka mzima. Ndipo mbuzi akajikaza mara ya pili, na kijike kikateleza kutoka, kidogo, chekundu kama yale majani ya msituni. Mama Feza aliruka akapiga vigelegele hadi kuku wakakimbilia kwenye mihogo.

Furaha haikumaliza asubuhi. Mbuzi yule alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza. Alimlamba dume, na kijike kilipomkaribia alikipiga kichwa, kikaanguka.

"Chumvi!" nikasema. Kabla sijasema zaidi, Mama Feza alikwisha kukimbia kwake. Alirudi na chumvi kweli, lakini ile iliyobaki chini ya gunia la samaki wakavu, yenye magamba ndani. Akampaka mtoto kuanzia masikio hadi mkia. Mbuzi akanusa, akapiga chafya, akarudi nyuma. Paka wa jirani akatokea. Mwingine akatokea. Mbwa mmoja akaja akakaa, akimtazama mtoto kwa heshima.

"Mama Feza," Tata Ilunga akasema, "tulitaka mbuzi, weye umetuletea samaki."

Ilibidi kumwosha mtoto, na kumwosha ni kumwondolea harufu ya kuzaliwa, ndiyo mama anayoifuata. Nikamkamulia mtoto maziwa ya mama yake mgongoni. Mbuzi hakudanganyika. Afisa Mifugo alipofika kwa pikipiki, alikuna kidevu.

"Hapa hakuna dawa," alisema. "Mfungeni mama, mtoto anyonye kwa nguvu. Maziwa yakishapita tumboni mwake, atanuka kama mama. Lakini ni mdogo sana. Msimpe jina kwanza."

"Nimeshamupa," Mama Feza akasema. "Anaitwa Shemeji."

Basi tukafanya hivyo, asubuhi, mchana na jioni. Tata Ilunga alishika pembe, mimi nilisukuma mtoto chini ya chuchu, na Mama Feza alishika mguu wa nyuma huku akigomba: "Weye mama gani? Muzuri hivi, roho ya mawe! Miye ningekuwa na kiwele kama hiki, ningelisha Mantapala nzima!" Tukicheka, mbuzi anapata nafasi ya kupiga teke. Tukifungua kamba, anamfukuza tena. Shemeji alizidi kukonda, na Mama Feza aliacha kutania.

Kisha mvua ya kwanza ikaja mchana, ghafla, na upepo wenye harufu ya udongo. Watoto walivua nguo wakacheza. Akina mama walitoa mabeseni kukinga maji. Mbuzi, anayechukia maji kuliko anavyochukia mbwa, alikimbilia bandani na dume lake, Shemeji akabaki uwanjani akilia. Nilitaka kwenda kumchukua, Tata Ilunga akanishika mkono. Mbuzi alikuwa amesimama mlangoni, masikio mbele. Akaita. Shemeji akapanda ngazi ya fito kwa kuteleza, akaingia chini yake. Mbuzi akamnusa mkiani, kwa muda mrefu, kisha akatanua miguu ya nyuma.

Mama Feza alicheza kwenye mvua na watoto, kitenge kimemgandia, na hakuna aliyemwambia aache.

Shemeji alihamia kwake baada ya kuachishwa, na mwaka uliofuata kazi yangu kwenye mradi ikaisha. Afisa Mifugo alinishukuru mbele ya watu. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, viatu vizima, na nilifikiri kwenda kuona mji wa Mansa. Vijana wanauliza kazi hii ilinipa nini. Nawaambia ilinipa asubuhi nyingi. Mbuzi hawakuwa wangu, na mbuzi wa watu hawamzuii mtu kuondoka.

Siku moja kabla ya safari, Mama Feza alikuja na mtoto jike wa Shemeji.

"Mimi siko ku zamu," nikamwambia. "Miye nilikuwa mufanyakazi."

"Zamu inafuata nyumba, haifuate mutu. Nyumba yenye kufuata yangu ni hii. Nani analala humu?"

"Mimi. Mpaka kesho."

"Basi, mbuzi ni yako mpaka kesho."

Kesho yake basi dogo la kwenda Mansa lilisimama barabarani likapiga honi. Nilikuwa nyuma ya nyumba na ndoo. Mbuzi alikuwa amekataa kunywa maji ya mahali pageni, na sikuweza kumwacha kabla hajanywa. Alikunywa jioni.