Daktari alisoma simu mbele yetu nikamwaibisha, mume wangu akapoteza mguu

Vijana mnaosoma humu, nasikia mnaitana wakuu. Haya wakuu, marahaba, maana shikamoo najua mtaikumbuka mkifika mwisho.

Mie ni bibi wa Chumbageni, Tanga. Shule niliishia darasa la nne, herufi zikipinda mnivumilie. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, chumvi sijatia.

Mume wangu ni fundi cherehani, ile ya kukanyaga kwa mguu. Kanzu za mtaa mzima zimepita mikononi mwake. Ana sukari miaka mingi.

Mwaka jana makubadhi mapya yalimchubua kidole cha mguu wa kulia. Kidonda kidogo tu, kikagoma kupona.

Nikampeleka kituo cha afya. Tukamkuta daktari kijana, mpole. Akakiosha kidonda, akasoma daftari la kliniki, akauliza dawa zote anazomeza. Kisha akatoa simu, akaanza kusoma.

Nikamuuliza, "Mwanangu, unachati na sie tumekaa hapa?"

"Hapana, Bibi. Nahakikisha kipimo cha dawa. Figo za Babu zimechoka, nisije nikamuumiza."

Jibu zuri lile. Siku ile nilisikia kitu kimoja tu: huyu hajui kazi.

Mlango uko wazi, benchi la nje limejaa watu. Nikapaza sauti, "Kama udaktari uko kwenye simu, hata mie simu ninayo!"

Watu wakacheka. Na mie, Mungu anisamehe, kicheko kile kilinipendeza.

Mume wangu akaninong'oneza, "Mama Zubeda, mwache mtoto wa watu afanye kazi." Nikamshika mkono nikamwinua.

Daktari alitufuata mpaka mlangoni. "Bibi, kidonda cha mtu wa sukari hakisubiri. Rudini hata kesho."

Sikugeuka.

Nyumbani nikafungua simu yangu kweli. Kwenye grupu letu la arusi kulikuwa na sauti imeforwadiwa, mwanamume anajiita daktari, anaongea hajikwai hata mara moja. Poda ya majani, changanya na asali, funga, usifungue siku saba. Nikaiagiza, poda ikaja na basi kutoka Horohoro.

Hapo ndipo nilipopotea, wakuu. Aliyesita ili ahakikishe nilimwona mjinga. Asiyesita nikamwona bingwa.

Siku ya nne mume wangu akasema, "Mama Zubeda, mguu unanuka."

"Dawa inafanya kazi hiyo."

"Basi ina bidii mno."

Nikacheka, nikamwambia avumilie. Siku ya saba nilipofungua, kidole kilikuwa cheusi na weusi umepanda juu.

Hospitali kubwa wakaukata mguu chini ya goti.

Daktari wa huko ana mvi kichwa kizima. Kabla ya kuandika dawa, naye akafungua simu! Nikamuuliza kwa adabu anasoma nini.

"Bibi, dawa ni nyingi na maelezo yake yanabadilika, kichwa kimoja hakibebi. Hapa nasoma mwongozo wa matibabu wa wizara, na kitabu cha dawa ambacho wataalamu wanakipitia upya. Natazama kaandika nani, lini, na wamejuaje kuwa dawa inafaa, wameijaribu kwa watu wangapi. Nikiyakosa hayo, siigusi. Halafu nalinganisha na mgonjwa niliye naye."

Nikaikumbuka ile sauti ya kwenye grupu. Ni nani? Sijui. Alisema lini? Sijui. Kamponya nani? Sijui. Yeye sikumuuliza hata swali moja. Yule kijana ndiye niliyemhoji mbele ya watu.

Nilirudi kituoni kumtaka radhi. Nikaambiwa kahamishiwa Maramba. Si mbali, ila uso wa kumtazama bado sijaupata.

Cherehani ipo pale pale, imefunikwa kanga. Mume wangu hajanilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningepata nafuu.

Madaktari mlio humu, hebu tuambieni nyie mnasoma wapi, na mnajuaje hapa pa kuamini na hapa si pa kuamini. Wanaotaka kunisema, nisemeni. Nimekaa, nasoma.

Nyumbani kwangu nimeshatoa amri, wanangu na wajukuu wote wameisikia. Dawa ikija kwa simu, haigusi mwili wa mtu mpaka daktari aione. Na daktari akishika simu yake, hakuna wa kufungua mdomo mpaka amalize, na wa kwanza kuufunga ni mie.