Mchukuzi Niliyemsimamisha Mlangoni

Siombi uniamini kwa sababu naandika vizuri. Niamini kwa sababu kisa chenyewe kinaniaibisha, na mtu hajitungii aibu.

Mimi napiga gitaa. Nimejifunza mwenyewe, kwa video za simu, chumbani kwangu Mkunazini. Mwaka jana mimi na wenzangu wawili tulikuwa tukirekodi albamu ya roki, nyimbo tisa zinazofuatana kama hadithi moja, juu ya wapagazi waliochukuliwa Unguja wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza kwenda kubeba mizigo ya jeshi huko bara. Wengi hawakurudi. Babu wa bibi yangu wa Makunduchi ni mmoja wao.

Nyimbo nane zilikuwa tayari. Ya tisa, ya mwendo wao wa porini, ilinishinda. Miezi minne nilimtaka mpiga ngoma wetu arudie, na kila mara nasema mdundo una kasoro. Thuwaiba, anayepiga besi, alinambia, "Wewe hata chafya yako utairudia mpaka itoke sawa." Nilicheka, lakini usingizi sikuupata. Niliogopa kuwaimbia maiti kitu kibovu.

Nikajidanganya kwamba tatizo ni ngoma. Nikaagiza nyingine kubwa, ya mtumba, kutoka Dar es Salaam, na baada ya alasiri nikaenda kuipokea bandarini Malindi. Wachukuzi wenye marikwama ya kusukuma walikuwa wameshaondoka na mizigo ya abiria. Alibaki mmoja, mikono mitupu, ameegemea ukuta. Makamo ya baba yangu, kaptura ya kaki, miguu peku, shingoni ana kipande cha bati chenye namba. Nilidhani ni kitambulisho cha kazi. Wewe ungedhani nini?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nnapeleka wapi?"

"Mkunazini. Si mbali."

"Kila mmoja hunambia si mbali," alisema, bila hasira. Akasokota kitambaa kikawa kata, akaiweka utosini, nikamtwika.

Nilimfuata vichochoroni, na hapo ndipo nilipousikia. Alikuwa akiguna kwa kufuata mwendo. Hatua tatu nyepesi, ya nne mguu wa kushoto unaburura, na mguno unausubiri mguu ufike. Wallahi ndio mdundo wenyewe. Miezi minne nautafuta, kumbe unatembea mbele yangu.

Tulipofika mlangoni akasimama, akainama kidogo ili nimtue. Unajua ilivyo: uliyemtwika wewe, unamtua wewe. Badala ya kunyoosha mikono, nilitoa simu.

"Mzee, ule mguno wako. Fanya tena nirekodi. Kidogo tu."

Akaguna, akikanyaga palepale. Pikipiki ikapita. Nikamwambia tena. Akarudia. Mara ya tatu kidole changu kilikosea kitufe, nikamwambia tena. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni, nami niliona. Nakuapia niliona.

Bi Zuhura, jirani wa juu, akatoa kichwa dirishani. "We mtoto, huoni haya? Mtue kwanza mwenzio."

Nikampungia mkono anyamaze, asiniharibie sauti.

"Ya mwisho mzee. Kidogo tu."

Akanitazama. "Na wao walisema kidogo tu."

Nikainamisha macho kubonyeza simu. Nilipoyainua, ngoma ilikuwa imesimama kizingitini, na yeye hayupo. Sikuisikia ikitua. Nikamuuliza Bi Zuhura kapita wapi.

"Si huyo kakata kona. Na mzigo wake kichwani, maskini."

"Mzigo gani, Bi Zuhura? Ngoma hii hapa."

Akaiangalia ngoma, akaniangalia mimi, akafunga dirisha.

Kwenye simu hamna mguno hata mmoja. Ipo pikipiki, ipo sauti ya Bi Zuhura, na ipo yangu, inaomba na kuomba, kidogo tu.

Nilirudi Malindi siku nyingi. Wachukuzi hawamjui, na bati la namba shingoni hawavai; waliovishwa ni wapagazi wa vita. Nami sina hata jina la kuwatajia. Nimetunga nyimbo nane kuwalilia watu kama yeye, na jina lake sikumuuliza.

Albamu imetoka na hizo nane. Mdundo wa ya tisa ninao kichwani, mzima, bila kasoro, na sijathubutu kumwonesha mtu. Ngoma ile ikipigwa, shingo inanilemea mpaka nakaa chini.

Basi wewe unayesoma, ukimkuta mtu kabeba, hata kama anacho kile ulichokitafuta umri wako wote, mtue kwanza. Mpe maji. Muulize jina. Mimi nikisikia mguu unaburura kichochoroni, natoka mbio, mikono nimeshainyoosha. Mpaka leo sijamkuta.