Huyu Alishukaje?

Vijana wa skeitibodi walimwita mpiga picha wao Kiwiko, maana kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuwapiga picha akiwa amesimama. Alilala kifudifudi kwenye saruji, viwiko chini, ili wao na mbao zao za magurudumu waonekane wanapaa. Siku ya maonyesho yake, kwenye maegesho ya chini ya jengo ambako bendi zao hupigia muziki, alimleta mama yake, muuguzi mstaafu.

Mama hakuvuka picha ya kwanza. Binti mmoja alikuwa angani, juu ya ngazi kumi na moja, ubao ukimtoka miguuni.

"Huyu alishukaje?"

"Mama, utamu wa picha ni pale juu."

"Utamu wako huo! Nimefunga watu plasta miaka thelathini, sijaona hata mmoja aliyevunjikia juu. Niletee huyo mtoto."

Mama akishika lake, ameshika. Kiwiko akamwita binti, aliyekuwa jukwaani akipiga gitaa la besi. Muziki ukakatika. Mama akambonyeza vifundo vya mikono, kimoja kimoja.

"Haya, mzima. Sasa picha naiona nzuri." Akasogea kwenye ya pili. "Na huyu?"

Kufumba na kufumbua, vijana tisa walikuwa kwenye foleni, mikono ya mashati wameikunja, kila mmoja akimwonyesha bibi kovu lake kwa maringo.

Kiwiko akalala kifudifudi, akapiga. Miaka kumi na miwili, na hiyo ndiyo picha yake ya kwanza ambayo miguu ya wote imekanyaga chini.